Kwenda chuo na kuzunguka chuoni Mombasa: mwongozo kamili wa pikipiki, tuktuk, matatu, feri na miguu

Barua ya chuo ikishafika nyumbani, maswali huwa mawili: umepata kozi gani, na utakaa wapi. Utafikaje darasani huachwa mpaka Jumatatu ya kwanza, saa moja asubuhi, mvua imeshika Kisauni na kila matatu inayopita Kengeleni imejaa mpaka mlangoni. Nimeona makomredi (wanafunzi wa chuo) wenye bidii wakikosa CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula, na shida haikuwa kusoma. Ilikuwa nauli iliyopanda ghafla, au foleni ya feri. Inaniuma, kwa sababu mengi ya hayo yanazuilika mtu akipanga kabla muhula haujaanza.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeingia chuo cha Mombasa, na hasa yule anayepigia hesabu pikipiki yake mwenyewe. Msimamo wangu nauweka mbele: pikipiki ni chombo kizuri, lakini haiji kwanza. Kinachokuja kwanza ni chumba.

Anza na chumba: uko upande gani wa maji?

Mji wenyewe ni kisiwa, na una milango mitatu. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, linaloingiza watu wa Kisauni, Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka Mtwapa. Magharibi kuna Makupa, ambako daraja jipya lilichukua nafasi ya lile tuta la zamani mwaka 2022. Hapo ndipo wanapopita watu wa Changamwe, Magongo, Mikindani na Miritini. Kusini ni feri ya Likoni. Asubuhi milango yote mitatu hujaa wanaoingia, jioni hujaa wanaotoka. Ukiijua hali hiyo, nusu ya mpango wako umeshamaliza.

Kwa hiyo tafuta chumba upande ule ule wa maji kilipo chuo chako. Anayesoma Technical University of Mombasa pale Tudor, ile iliyokuwa Mombasa Polytechnic na kupata hati ya chuo kikuu Januari 2013, atafute Tudor, Buxton, Tononoka au Majengo. Huko anaweza kwenda kwa miguu. Wa Kenya Coast National Polytechnic iliyoko Barabara ya Kisauni aangalie Kongowea, Kisauni yenyewe, Mwandoni au Bombolulu. Wa chuo cha ualimu Shanzu hana haja ya kuvuka daraja lolote. Shanzu na Utange zinamtosha.

Utaambiwa chumba cha mbali ni rahisi. Mara nyingi ni kweli, lakini fanya hesabu nzima. Tuseme nauli yako ni shilingi 70 asubuhi na 100 jioni magari yakijaa. Hiyo ni 170 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nne: shilingi 3,400 kwa mwezi. Chumba cha karibu kikizidi cha mbali kwa shilingi 2,000, cha karibu ndicho rahisi, na hapo hujahesabu saa unazozipoteza barabarani.

Kuna hila moja ambayo wengi hawaifikirii. Ukilazimika kuvuka, heri uvuke kinyume cha umati. Mtu anayelala kisiwani na kusoma Kisauni au Shanzu hutoka mjini asubuhi wakati wenzake wanaingia. Matatu zinazorudi kuchukua abiria huwa na nafasi, na makanga hana sababu ya kukuzungusha kwa bei. Jioni mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili.

Anayeishi Likoni na kusoma kisiwani asidanganywe na umbali. Kwa macho mji uko hapo tu, ng'ambo. Kuvuka kwa miguu hakuna malipo, na huo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi, lakini muda hauko mikononi mwako: feri moja ikipumzishwa, foleni inafika mbali. Jipe saa nzima zaidi ya unavyodhani, na siku ya mtihani zidisha. Usikimbilie feri inayoondoka, wala usijisukume kwenye iliyokwisha kujaa. Mombasa haijasahau feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imebeba kupita kiasi. Ile njia ya Dongo Kundu inayounganisha Miritini na pwani ya kusini inamfaa mwenye gari anayekwepa mji. Kwa mwanafunzi wa Likoni anayeelekea Tudor ni mzunguko mrefu usio na faida.

Chora wiki yako

Ratiba ya masomo ikitoka, chukua karatasi. Andika kila siku kipindi cha kwanza kinaanza saa ngapi, kiko jengo gani, na cha mwisho kinakwisha saa ngapi. Vyuo kadhaa vina madarasa sehemu zaidi ya moja ya mji, kwa hiyo angalia kama kuna siku unaanza sehemu moja na kumalizia nyingine.

Siku mbili tatu kabla ya kufungua, pita njia hiyo kwa saa ile ile utakayoitumia. Jumapili saa nne asubuhi haikufundishi lolote kuhusu Jumatatu saa moja.

Matatu

Kwa safari yoyote inayopita kilomita tatu nne, matatu ndiyo uti wa mgongo. Nyingi za kutoka Ferry hupita Posta, Barabara ya Digo, kisha zinagawanyika. Ukiwa unaenda Tudor, uliza kama gari linapita Buxton. Pale ukishuka, unafuata Barabara ya Tom Mboya kwa miguu, na huna haja ya boda kama huna mzigo.

Nauli ya Mombasa haikai mahali pamoja. Hupanda mvua ikinyesha, hupanda jioni, hupanda Jumatatu. Uliza kabla ya kukanyaga ngazi, na uulize kwa sauti ili abiria wengine wasikie. Beba sarafu au noti ndogo. Ukitoa elfu moja asubuhi unamtafutia makanga ugomvi, na chenji yako itasahaulika. Ukilipa kwa M-Pesa, mwonyeshe ujumbe kabla hujashuka.

Mwambie makanga mapema unaposhukia, na sogea mlangoni stegi moja kabla. Dereva akishapitiliza, kwa mfano pale kwenye mteremko wa kuingia darajani, hana pa kusimama tena, na wewe utarudi kwa miguu kando ya magari.

Tuktuk

Mombasa imebarikiwa tuktuk, na mwanafunzi anayeishi na wenzake ndiye anayefaidi zaidi. Inabeba abiria watatu nyuma. Mkiwa watatu wa mtaa mmoja na kipindi kimoja, bei ya kukodi ikigawanywa hukaribia nauli ya matatu, na inawatoa mlangoni mpaka langoni. Zipo pia zinazobeba kichwa kwa kichwa kwa njia maalumu, ambapo kila mtu analipa kiti chake. Kabla ya kupanda uliza: ni ya kukodi au ni ya kubeba? Usipouliza, ukishuka utadaiwa bei ya chombo kizima.

Abiria wa nne anayebanwa pembeni ya dereva anamziba mkono wa usukani. Dereva akitaka kufanya hivyo, shukeni mtafute nyingine.

Tuktuk ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye mzigo, mama mjamzito, mgonjwa, anayetembea kwa magongo, na kwa msichana anayerudi usiku na mwenzake. Haina kasi, na kwa usiku ukosefu huo wa kasi ni heri.

Bodaboda: hapa tukae kidogo

Kila lango la chuo lina stegi yake ya boda. Wiki ya kwanza simama ng'ambo uitazame kabla hujapanda. Utawajua upesi: yupo anayevaa helmeti yake na kuwa na ya pili ya abiria, yupo anayeondoka kwa kishindo akigeuza bila kutazama nyuma. Ukimwona ambaye macho yamemtoka na shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, mpishe. Chagua wawili au watatu waliotulia, chukua namba zao za simu, na uwe mteja wao. Mtu wa boda anayekujua atakungoja mvua ikinyesha, atakubeba kwa deni siku mfuko umekauka, na bei yake haitabadilika kila asubuhi.

Bei hupatanwa kabla ya kupanda, kwa heshima na bila kelele:

"Salama kaka? Mpaka Kongowea ngapi?"
"Mia moja, dada."
"Hamsini twende, mie ni wa hapa kila siku."
"Haya, lete sabiini."

Mkishakubaliana usiongeze kituo njiani bila kusema. Ukitaka apite dukani, hiyo ni safari mpya.

Sheria ya trafiki inasema abiria ni mmoja tu, na helmeti na koti la riflekta ni kwa wote wawili, dereva na abiria. "Mshikaki" wa makomredi watatu kwa piki moja ni wa kawaida kiasi kwamba watu wamesahau hatari yake. Piki iliyobeba watatu haisimami kwa umbali ule ule, na anayekaa mwisho hana pa kukanyaga miguu wala pa kushika.

Helmeti ya stegi imepita vichwa vingi. Kama unapanda kila siku, nunua yako. Ndiyo matumizi ya kwanza ninayokushauri hata kabla ya begi jipya. Ikae chini kwenye paji la uso, isichezecheze ukitikisa kichwa, na ukanda ufungwe ubakishe nafasi ya vidole viwili chini ya kidevu. Helmeti isiyofungwa hutoka kichwani kabla hujafika chini. Mfuko mmoja wa kitambaa unatosha kuibebea darasani.

Dada zangu, haya ni yenu. Ushungi na helmeti vinaelewana ukiondoa pini kwanza, kwa sababu pini iliyobanwa chini ya helmeti inaweza kukuchoma ukianguka. Funga mtandio mwepesi, fundo lisikae kisogoni, kisha helmeti juu. Buibui na dera ndivyo vya kuogopwa zaidi. Kitambaa kinachopepea upande wa kushoto kinaweza kuvutwa na cheni au spoku, na kikishaingia kinakuvuta wewe nacho. Kabla piki haijaondoka, kusanya kitambaa chote, kipitishe chini ya mapaja, ukikalie. Kisha mwambie dereva: "Ngoja, sijamaliza." Anayeheshimu kazi yake atangoja. Vaa suruali au taiti ndani ili uweze kukaa kwa kupanua miguu huku na huku. Kukaa upande ni mazoea ya siku nyingi, najua, lakini ukikaa hivyo uzito wote uko upande mmoja, na piki ikikata kona kwa ghafla huna cha kukushikilia. Ukiona huwezi kukaa vingine siku hiyo, panda tuktuk.

Kupanda na kushuka ni upande wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi kwenye piki nyingi liko kulia. Ile alama nyeusi kwenye mguu, ndani ya kigimbi, utaiona kwa wanafunzi wengi. Ukiungua, weka mguu chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Lengelenge likitoka usilipasue. Nenda zahanati ya chuo.

Kwenye mwendo, shika chuma cha nyuma ya kiti. Begi livaliwe mgongoni, mikanda yote miwili, wala lisining'inizwe bega moja. Simu ibaki mfukoni, maana pikipiki nyingine hupita kando na kuinyakua. Na una haki ya kusema "punguza". Ukisema mara mbili asisikie, mwambie asimame, mlipe alipofikia, shuka.

Bolt na Uber zipo Mombasa, na zinasaidia kujua bei ya haki ya njia usiyoijua. Linganisha namba ya chombo na ile iliyo kwenye simu yako kabla ya kupanda. Za piki huanza na KM, za tuktuk huanza na KTW.

Ndani ya chuo

Vyuo vyetu vingi vya Mombasa si vikubwa. Ukishaingia langoni, miguu inatosha: kilomita moja ni dakika 12 hadi 15 za mwendo wa kawaida, na kutoka jengo moja hadi jingine mara nyingi hupungua hapo. Kinachochosha ni jua na jasho. Kuanzia Januari mpaka Machi joto la hapa halina masihara, kwa hiyo jifunze njia za chini ya miti, beba maji, na kama unaingia kwenye uwasilishaji vaa fulana ukabadilishe shati ukifika.

Kitambulisho cha chuo kiwe mkononi kabla ya lango, si chini ya begi. Ukifika na boda, shukia nje ufuate utaratibu wa walinzi, maana mabishano langoni yanawachelewesha wote walio nyuma yako.

Mwenye piki yake aende ofisi ya usalama wiki ya kwanza na kuuliza mambo haya kwa mpigo: kama chombo kinaandikishwa, pa kuegesha ni wapi, geti la usiku hufungwa saa ngapi, na kama kuna eneo lisiloruhusiwa injini. Ndani ya chuo endesha mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Wanafunzi hutembea katikati ya njia wakisoma simu. Usipige resi karibu na maktaba wala chumba cha mtihani.

Kuegesha: chagua mahali mlinzi anapopaona, funga shingo ya usukani, kisha pitisha mnyororo kwenye gurudumu la mbele na kitu kisichong'oka. Usiache helmeti ikining'inia kwenye kioo.

Mwanafunzi mwenye ulemavu asisubiri kuonewa huruma kila asubuhi. Aandike barua kwa ofisi ya wanafunzi, aombe ruhusa ya kudumu ya tuktuk kuingia mpaka mlangoni mwa jengo, na nakala ikae langoni kwa walinzi. Barua moja huondoa mabishano ya muhula mzima.

Baisikeli inafaa kwa umbali mfupi wa kisiwani, ikiwa una pa kuifungia. Darajani siipendekezi.

Kununua pikipiki yako

Subiri muhula mmoja upite. Utakuwa umeijua njia yako, saa zako, na kama kweli unaihitaji. Piki inamfaa mwanafunzi anayevuka daraja kila siku, mwenye kazi ya jioni, au aliye kwenye mafunzo kazini mbali na njia za matatu. Anayekaa Tudor na kusoma Tudor ataishia kuilinda zaidi ya kuiendesha.

Pesa za HELB, mkopo wa serikali wa masomo, usiziweke kama malipo ya kwanza ya piki ya mkopo. Hilo nalisema kwa nguvu. Malipo ya kila siku au kila wiki hayajui likizo wala mtihani, na ukichelewa chombo kinachukuliwa pamoja na ulichokwisha lipa. Kama lazima ukope, jumlisha malipo yote mpaka mwisho, ulinganishe na bei ya dukani, ndipo uamue.

Leseni huja kabla ya piki. Uwe umetimiza miaka 18, fungua akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), chukua leseni ya muda ya kujifunzia, jiandikishe shule ya udereva, fanya mtihani wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Madaraja ya leseni ya pikipiki yamewekwa chini ya herufi A, na anayebeba abiria kwa malipo ana daraja lake tofauti na la mtu anayejiendesha mwenyewe. Jambo hili linawahusu makomredi wanaotaka kupiga boda jioni ili kupata ya matumizi. Bima nayo ni hivyo hivyo: ukikata ya matumizi binafsi kisha ukabeba abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukukatalia. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria kwa kila chombo.

Kwa piki iliyotumika, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na fuata mpangilio huu:

1. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na namba ya injini kwenye kava la injini. Ziwe sawa na logbuku (hati ya umiliki), herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa au kupigwa rangi upya inamaanisha ondoka.
2. Jina kwenye logbuku liwe la anayekuuzia, na uone kitambulisho chake. "Ni ya binamu yangu" si jibu.
3. Tafuta rekodi ya chombo kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Humo utaona mmiliki, na kama kuna deni la benki au kampuni ya mkopo.
4. Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika anaficha kitu. Moshi wa buluu usiokwisha ni injini inayokula oili.
5. Simama mbele, shika tairi kwa magoti, ugeuze usukani. Kisha shuka chini uangalie fremu kama ina welding. Hapa Pwani angalia pia kutu chini ya kiti na kwenye spoku.
6. Lipia mbele ya mtu mwingine, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na uhamisho wa umiliki uanzishwe hapo hapo kwenye simu ya muuzaji, wewe uukubali kwenye yako. Usiondoke na ahadi ya kesho.

Gharama ya kila siku si kubwa kama watu wanavyohofia. Piki nzima ya CC 100 hadi 150 hutembea kilomita 40 hivi au zaidi kwa lita. Tuseme ni Bamburi mpaka Tudor na kurudi, kilomita 24. Siku tano ni kilomita 120, yaani lita tatu kwa wiki. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na Mombasa hupata nafuu kidogo kuliko Nairobi kwa kuwa mafuta hushukia hapa bandarini. Kinachouma ni yale yasiyo ya kila siku: bima, oili, tairi, breki, na chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, kausha cheni, ipake mafuta. Ukiivuta cheni juu na chini katikati, ichezee sentimita mbili hadi tatu.

Barabara za hapa

Mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukitupia jicho simu sekunde mbili, umeenda mita 28 bila kuona.

Upande wa Changamwe na Magongo adui ni matrela ya bandarini. Dereva wa trela asipoona uso wako kwenye kioo chake, jua hakuoni kabisa. Usipite kushoto kwake anapokaribia kona. Mkia wa trela hufuata njia fupi na kukubana ukutani. Heri ukae nyuma dakika tano.

Kwenye Daraja la Nyali upepo hupiga kutoka ubavuni, hasa ukitoka kivulini mwa basi. Shika usukani bila kuukakamaza, na usipenye katikati ya magari mawili hapo. Kandokando ya barabara za Bamburi na Kisauni kuna mchanga unaoteleza kama punje za mtama. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Katika vichochoro vya Mji wa Kale mtoto anaweza kutoka mlangoni moja kwa moja hadi barabarani.

Mvua kubwa za hapa huanza Machi au Aprili na kuzidi mwezi wa Mei. Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, maana maji huinua oili na vumbi lililokaa juu ya lami. Simama chini ya paa, ngoja barabara ioshwe. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, shika breki zote mbili taratibu. Maji yakifika usawa wa bomba la moshi, usiingie. Piki na feri: kwenye mteremko wa kuingilia, chuma kikiwa kimelowa, shuka uisukume.

Ijumaa, Ramadhani na usiku

Ijumaa mchana karibu na misikiti mikubwa barabara hubana kabla na baada ya swala. Panga kuvuka mji mapema au baadaye. Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia futari: magari yanajaa, madereva wana njaa na haraka, na adhana ikisikika stegi za boda zinakuwa tupu. Kipindi cha jioni kikiisha wakati huo, beba tende na maji, fungulia chuoni, kisha ondoka njia ikiwa imetulia.

Wanaotoka maktaba usiku waondoke kwa makundi ya mtaa mmoja. Fungueni kikundi cha WhatsApp cha njia yenu, kila mmoja aandike akifika. Ukipanda boda peke yako, piga picha namba ya chombo mbele ya dereva mwenyewe na umtumie mwenzako. Mwema hakasiriki.

Ajali ikitokea

Kwanza ondokeni kwenye njia ya magari, ikiwa aliyeumia anaweza kusogea. Asiyeweza, wekeni matawi au piki nyuma yake kuzuia magari, wala msimvue helmeti wala kumketisha. Pigeni 999 au 112. Mwenye maumivu ya shingo asipakizwe kwenye boda. Hospitali kuu ya rufaa ni Coast General, ambayo wenyeji wanaiita Makadara. Mwambieni dereva jina hilo na atafika.

Pigeni picha za vyombo kabla havijasogezwa, namba za usajili, kibandiko cha bima, na mchukue simu za mashahidi wawili. Siku hiyo hiyo ripotini kituo cha polisi mpate namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Bila hiyo bima haitakusikiliza. Ofisi ya wanafunzi nayo ijulishwe kwa maandishi, ili CAT au mtihani ulioukosa uwe na ushahidi.

Helmeti iliyogonga chini imemaliza kazi yake, hata kama haionyeshi ufa. Ikate ukanda uitupe, asije mtu kuiokota akaivaa.

Ukimaliza masomo

Wengi huuza piki wiki ya mwisho, kwa haraka, kwa mtu wa kwanza aliyetokea na pesa. Kamilisha uhamisho kwenye eCitizen kabla ya kukabidhi funguo. Jina likibaki lako, ajali na kesi za mnunuzi zitakutafuta wewe popote ulipoajiriwa. Andikianeni karatasi yenye tarehe, saa, bei, namba za vitambulisho na sahihi za mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Ondoa pia stika ya chuo, uirudishe ofisi ya usalama ili jina lako lifutwe kwenye daftari la langoni.